UZI: Kufomati kodi yenyewe ukisevu kwenye VS Code – setingi ziwe ndani ya projekti, sio kwenye lapitopu yako

#1 FundiChuno (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi kwenye grupu letu la Mtwara na Lindi maana kila wiki lazima aje mtu na swali lilelile, "nimeweka Prettier mbona haipangi kitu". Prettier ni programu inayopanga mistari ya kodi yenyewe, VS Code ndio edita tunayoandikia. Ni mrefu kidogo, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye setingi.

Kwanza mjue natokea wapi. Tupo watatu tunajenga mfumo mdogo wa chama cha msingi, karani akishapima korosho ghalani anaingiza kilo na daraja, mkulima anapewa risiti yake, jioni katibu anatoa ripoti ya kupeleka chama kikuu. Mmoja yupo Masasi na Windows yake, mwingine Lindi mjini ana Ubuntu, mimi nipo hapa Chuno. Mbele (anachokiona mtumiaji) JavaScript, nyuma (kwenye seva) Laravel ya PHP. Wa Masasi anasogeza mistari kwa Tab, wa Lindi spesi mbili, mimi spesi nne, na kila mmoja edita yake inapanga kivyake. Sasa minada inaanza Oktoba, watu wanabadilisha mambo usiku na mchana, mtu kagusa mstari mmoja tu wa kukokotoa makato lakini ukifungua git (inayotunza kila badiliko la kodi) faili zima ni nyekundu na kijani juu mpaka chini. Hapo utamkagua nini? Unachoka unapitisha. Na yale makato ni hela ya mkulima, ikipungua shilingi kwenye kila kilo mtaitwa mkutano mkuu mkasimame mbele ya watu mjieleze.

Ndio maana nasema hili jambo sio la urembo. Kodi ikipangwa na mashine kwa mtindo mmoja, kinachoonekana kimebadilika kwenye git ni kile kilichobadilika kweli, basi. Mtindo upi ni bora mimi sina shida nao kabisa. Rob Pike wa timu ya lugha ya Go alishasema kwamba staili ya gofmt, fomata yao, hakuna anayeipenda ila gofmt yenyewe kila mtu anaipenda, na Go imekuja na hiyo gofmt toka inatangazwa 2009, wale hata hawajui ugomvi wa Tab na spesi unafananaje. Huku kwenye JavaScript tumesubiri mpaka Prettier ilipotoka 2017.

Halafu msichanganye fomata na linta. Fomata ni yule anayekung'uta gunia likae sawa, linta ndio yule anayechukua korosho anaikata kwa kisu aone ndani kuna nini. Prettier haitakwambia variabo yako haitumiki, hiyo kazi ya ESLint. Ukiwa nazo zote mbili weka na eslint-config-prettier, yenyewe inazima sheria za ESLint zinazohusu mpangilio, la sivyo moja inapanga na nyingine inalalamika.

Sasa setingi. Ndani ya foda la projekti, sio zile setingi zako binafsi, tengeneza foda inaitwa .vscode na ndani yake faili settings.json:

```
{
  "editor.formatOnSave": true,
  "editor.defaultFormatter": "esbenp.prettier-vscode",
  "[php]": {
    "editor.defaultFormatter": "open-southeners.laravel-pint"
  }
}
```

Hiyo Pint ni fomata ya PHP. Kisha kwenye teminali, kwa npm inayovuta paketi za JavaScript:

```
npm install --save-dev --save-exact prettier
```

Hiyo --save-exact, inayofunga toleo moja, msiiruke. Prettier ikipanda toleo inaweza kubadili mpangilio, mfano 3.0 ya 2023 ilianza kuweka koma ya mwisho kila inapowezekana, sasa mmoja akiwa na 2 mwingine ana 3 mtarudi kulekule. Ekstensheni (nyongeza) ya VS Code ikikuta Prettier ndani ya projekti inatumia hiyo, isipoikuta ndio inatumia ile iliyokuja nayo.

Halafu faili .prettierrc palepale kwenye foda kuu:

```
{
  "tabWidth": 4,
  "singleQuote": true,
  "printWidth": 100
}
```

Zikiachwa zenyewe ni spesi 2, herufi 80 kwa mstari na nukuu mbili. Sisi tumebadilisha hayo matatu tu na tukakubaliana hakuna kuongeza lingine. Weka pia .prettierignore uandike foda za kurukwa kama vendor na public/build. node_modules inairuka yenyewe.

Mafaili yote haya yanaingia git. Mtu mpya akivuta repo (foda la projekti lililopo git) anafungua VS Code na kila kitu kipo, hakuna cha "kwangu inafanya kazi".

Maswali karibuni.

#2 Pweza_wa_Feri

Uzi tayari. Nakaa siti ya mbele.

#3 Mzee_Nachi

Kijana umeandika vizuri ila mimi naandika programu toka enzi za Pascal na hizi mashine za kupanga kodi sizitaki. Mpangilio wa kodi ni kazi ya aliyeandika. Nina jedwali la bei za mnada nimelipanga kwa safu, tarehe chini ya tarehe, bei chini ya bei, unaangalia kwa jicho moja unaona wapi nimekosea namba. Kijana wangu mmoja kafungua faili kwenye hiyo VS Code kabonyeza kusevu, safu zote zimevurugika, kila kitu kimerudi kushoto. Hiyo ndio maendeleo?

#4 FundiChuno

Mzee wangu shikamoo. Kwenye hilo jedwali nipo upande wako kabisa, Prettier haina akili ya safu, inachojua ni mstari umefika herufi ngapi. Juu ya jedwali andika hivi:

```
// prettier-ignore
const beiZaMnada = [
  ["Newala",      1, 3100],
  ["Tandahimba",  1, 3085],
  ["Masasi",     12, 2990],
];
```

(bei nimeziweka tu za mfano msije mkaanza kunipigia). Hiyo komenti inaikinga kauli moja inayofuata, zinazobaki zinapangwa. Kwenye HTML ni `<!-- prettier-ignore -->`, kwenye YAML inaanza na alama ya reli. Python kwa Black unafungua na `# fmt: off` unafunga na `# fmt: on`.

Ila mzee jedwali ni moja, faili zilizobaki mia hazina jedwali. Waachie hao vijana mashine ipange.

#5 Mzee_Nachi

Marahaba. Hiyo komenti nitaijaribu. Msimamo wangu uko palepale.

#6 dada_Mitwero

Kaka Fundi mimi nimefuata kila ulichoandika, nimeweka formatOnSave, nimeweka ekstensheni, nasevu hakuna kinachotokea, wala haileti erori, imekaa kimya tu. Nimezima nimewasha vile vile. Ni faili za JavaScript na za Blade (kurasa za Laravel).

#7 FundiChuno

Dada karibu. Hiyo ya kukaa kimya ndio inayowaliza wengi, na sababu zake zipo chache zinazojirudia, zipitie kwa mpangilio huu.

Cha kwanza funga kila kitu, fungua faili moja la .js, bonyeza F1 andika "Format Document With" uone orodha. Ukiona Prettier, halafu ile ya JavaScript iliyokuja na VS Code, halafu labda na Beautify uliyoweka zamani ukaisahau, basi edita haijui imtumie nani. Palepale chini ya orodha pana "Configure Default Formatter", chagua Prettier. Ekstensheni nyingine za kupanga usizozitumia ziondoe, zinagombana bure.

Cha pili, angalia kama umewasha kusevu kwenyewe. Kwenye setingi inaitwa files.autoSave, ikiwa ni "afterDelay" yaani inasevu kila baada ya muda fulani, VS Code kwa makusudi hairuhusu fomata ifanye kazi hapo, maana ungekuwa unaandika katikati ya neno kodi inaruka huku na kule. Ibadilishe iwe "onFocusChange" au izime kabisa ubonyeze Ctrl+S mwenyewe. Hii watu wengi hawaijui na nahisi ndio yako, maana huku umeme unavyokatika kila mtu kaiwasha.

Cha tatu, kodi ikiwa na kosa la sintaksi, mabano hayajafungwa sehemu, Prettier inaacha faili kama lilivyo. Lazima iisome kodi yote iielewe kwanza ndio iiandike upya, isipoielewa haigusi. Angalia chini kulia pameandikwa Prettier, pakiwa na alama ya kosa bonyeza hapo, inakufungulia dirisha la Output inakwambia mstari wa ngapi. Mimi hii naipenda kuliko zote, nikisevu nikiona kodi haijasogea najua nimeacha mabano wazi kabla hata sijafungua brauza.

Cha nne, huenda kwenye setingi zako kuna "prettier.requireConfig": true, hapo bila .prettierrc haifanyi kitu. Au faili lenyewe lipo ndani ya .prettierignore.

Sasa Blade ni habari nyingine. Prettier yenyewe haijui Blade, hata uibembeleze. Weka ekstensheni ya shufo.vscode-blade-formatter, halafu kwenye settings.json ongeza:

```
"[blade]": {
  "editor.defaultFormatter": "shufo.vscode-blade-formatter"
}
```

#8 dada_Mitwero

Ilikuwa afterDelay!!! Nimebadilisha imekubali hapohapo. Mtu kaniwashia hiyo setingi kipindi kile umeme unakata kila saa, nikaiacha. Blade naijaribu kesho bando limekata.

#9 Mmakonde_Mtandaoni

Kuhusu bando, wengine tupo vijijini huku Tandahimba network ni ya kupanda kwenye mwembe. Kuna namna ya kupata hizi ekstensheni bila kila mtu kudownlodi?

#10 FundiChuno

Ipo. Mwenye intaneti nzuri anafungua orodha ya ekstensheni ndani ya VS Code, anabonyeza kulia juu ya Prettier anachagua "Download VSIX", anapata faili moja. Unaliweka kwenye flashi, ukifika nalo kijijini unaandika:

```
code --install-extension jina-la-faili.vsix
```

Na hiyo ya Prettier inakuja na Prettier yake ndani, kwa hiyo hata npm isipopatikana inapanga. Ila kama timu ina toleo lake kwenye package.json jitahidi siku ukifika mjini uvute npm install mara moja, ikishaingia node_modules huhitaji tena intaneti, kufomati kote kunafanyika hapohapo kwenye mashine.

#11 KijanaWaChuo_Mtwara

Shikamooni wakubwa. Mimi nasoma mwaka wa pili, sisi ni Python. Nimeweka Black ila mwalimu anasema mstari usizidi 79 na Black inaniachia mirefu zaidi, nifanyeje? Na kuna mtu kaniambia niachane na Black nitumie Ruff.

#12 fundi_wa_Ligula

Marahaba mdogo wangu, hii nijibu mimi maana Fundi Chuno Python haipendi. Hiyo 79 inatoka PEP 8 ambayo ndio mwongozo wa uandishi wa Python. Black kwa kawaida ni 88. Weka faili pyproject.toml kwenye foda la kazi yako:

```
[tool.black]
line-length = 79
```

Lakini jua kwamba Black haivunji maneno marefu yaliyo ndani ya nukuu wala komenti, hizo ukizidisha 79 zinabaki hivyohivyo, mwalimu akikukata maksi usiseme Black imekusaliti. Ruff inafanya kazi ya fomata na linta kwa pamoja na ina spidi ya ajabu, mpangilio wake umefanywa ufanane sana na Black. Kwa kazi za chuo yoyote inatosha, chagua moja usichanganye.

#13 MasasiDev

Mimi ndio yule wa Windows anayesemwa huko juu 😂 naomba kujitetea. Tatizo la faili zima kuwa nyekundu sio Tab peke yake, ni mwisho wa mistari. Windows kila mwisho wa mstari inaweka herufi mbili CR na LF, Linux inaweka LF tu. Macho hayaoni tofauti lakini git inaona kila mstari umebadilika. Prettier toka 2.0 inataka LF, sasa mimi nilikuwa nasevu inageuza kuwa LF, git ya Windows ikivuta inarudisha CRLF, ESLint nayo inanipigia kelele "Delete ␍" kila mstari, skrini nzima mistari myekundu hadi nikataka kuhamia kulima ufuta.

Dawa ni faili .gitattributes kwenye repo:

```
* text=auto eol=lf
```

Ukishaliweka piga `git add --renormalize .` kisha komiti (hifadhi badiliko kwenye git). Baada ya hapo hata Windows inapewa LF. Chini kulia kwenye VS Code pameandikwa CRLF au LF, ukibonyeza unaweza kubadilisha faili moja moja pia.

#14 FundiChuno

Utetezi umekubaliwa 😂 Naiongeza kwenye orodha, .gitattributes nayo iingie git pamoja na yale mengine.

Sasa hapa ndio nataka wenye projekti za zamani wasikilize vizuri, maana mtu atasoma uzi huu atawasha formatOnSave leo na kesho atagusa faili moja la zamani, faili zima litapangwa upya ndani ya komiti ya kurekebisha bagi, na tatizo lilelile tunalolikimbia ndio kalianzisha. Fanyeni hivi. Mnakubaliana siku, ikiwezekana kabla msimu haujaanza, kila mtu anapushi alichonacho, matawi yote (kazi za pembeni) yanamejiwa, yaani yanaunganishwa, hakuna mwenye kazi mkononi. Mmoja tu anapiga:

```
npx prettier . --write
./vendor/bin/pint
```

Anakomiti hiyo peke yake, ndani isiwepo hata herufi moja ya kazi nyingine. Anapushi, wote mnapuli, mnaendelea. Mkiruka hiyo ya kusubiri watu wamalize matawi yao, konflikti mtakazozikuta mtakesha nazo.

#15 Bi_Shangani

Hapo nina swali. Baada ya hiyo komiti kubwa ukipiga git blame kila mstari unaonyesha jina la huyo mmoja aliyefomati. Sisi ofisini tunategemea blame kujua nani aliandika hesabu fulani na lini, wakaguzi wakija tunawaonyesha. Itakuwaje?

#16 FundiChuno

Swali zuri sana dada na ndilo linalofanya maofisi mengi yaogope. Toka Git 2.23 ya 2019 kuna dawa yake. Chukua namba ya ile komiti, yote herufi 40, iandike kwenye faili linaitwa .git-blame-ignore-revs, kisha:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

Blame itairuka hiyo komiti itakuonyesha aliyeandika mstari kabla yake. Hiyo amri kila mmoja aipige kwenye mashine yake maana setingi za git config hazisafiri na repo, faili lenyewe ndio linasafiri. Ukiwa GitHub wao wanalisoma faili hilo lenyewe likiwa na jina hilohilo. Kumbuka tu inaruka komiti nzima, ndio maana nikasema isichanganywe na kazi nyingine.

#17 Pweza_wa_Feri

HTML yangu baada ya Prettier imekuwa vituko, alama ya kufunga `>` inashuka mstari wa chini peke yake kama imefukuzwa nyumbani. Hii ni bagi?

#18 fundi_wa_Ligula

Sio bagi. Kwenye HTML spesi kati ya vitu vya ndani ya mstari kama span na a inaonekana kwenye brauza. Prettier inaogopa kuongeza spesi ambayo hukuiweka, kwa hiyo inavunja mstari ndani ya tagi yenyewe ambako spesi haina madhara. Ukiona kero weka `"htmlWhitespaceSensitivity": "ignore"` kwenye .prettierrc, itapendeza, ila pitia kurasa zako maana sehemu nyingine maneno mawili yaliyogusana yatatengana. Mimi nimeiacha ilivyo, nishazoea.

#19 Mzee_Nachi

Ile komenti imefanya kazi. Jedwali limebaki. Sasa wanaotumia Vim (edita ya teminali) mmewasahau.

#20 FundiChuno

Mzee hatujakusahau 😂 kama Prettier ipo kwenye mashine, kwenye .vimrc weka mpango wa kupitisha faili kabla ya kusevu, ila kwa Vim ya kawaida njia fupi ni hii, ukiwa ndani ya faili la JavaScript:

```
:%!npx prettier --stdin-filepath %
```

Inapitisha faili lote kwenye Prettier inakurudishia limepangwa. Kodi ikiwa na kosa itakumwagia maneno ya erori mahali pa kodi, usiogope, bonyeza u inarudi. Kwa Neovim plagini ya conform.nvim inafanya yote haya ukisevu.

#21 dada_Mitwero

Mrejesho: Blade imekubali leo asubuhi. Ila kuna faili moja la risiti ya mkulima inachapwa kwenye ile printa ndogo ya karatasi ya roli, nafasi zimepangwa kwa spesi, sitaki iguswe kabisa.

#22 FundiChuno

Hiyo usiiguse dada. Kwa fomata ya Blade tengeneza faili .bladeignore kwenye foda kuu uandike njia ya hiyo risiti. Na siku ukitaka kusevu faili lolote mara moja bila kupangwa, F1 halafu "Save without Formatting".

#23 MasasiDev

Fundi ule mfumo wetu komiti ya kufomati tunaifanya Jumamosi au? Mimi tawi langu la makato bado halijamejiwa, nisubirini.

#24 FundiChuno

Jumapili basi. Meji tawi lako Jumamosi, na hiyo hesabu ya makato nitaikagua mwenyewe kabla mashine haijagusa kitu.